Macho kwenye kioo cha shangazi

Tanga mtu akisema ameona kitu, hakuna anayemuuliza ni kitu gani. Anaulizwa ilikuwa saa ngapi na alipitia njia ipi. Kwa hiyo shangazi yangu alipopiga ukelele wa "Macho!" dukani kwake Ngamiani, Barabara ya 12, mtaa ulikuwa na jibu kabla mimi sijapata swali.

Duka lenyewe ni steshenari: fotokopi, barua za kuomba kazi, kadi za harusi. Kompyuta ya mbele nilimwekea Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, baada ya flashi za wateja kuijaza virusi. Siku hiyo printa ilikuwa inatoa karatasi nyeupe pee, wateja wamejaa, na shangazi hataki kunipisha kitini.

"Nenda uani na laptopu yako, utengeneze huko huko. Si ndiyo kusoma kwenyewe?"

Inawezekana kweli. Nikaingia kwenye kompyuta yake kwa ssh, njia ya kuiamrisha kompyuta nyingine kwa mbali kwa maandishi, nikitaka dirisha la mipangilio ya printa lifunguke kwangu uani. Kwanza nijaribu njia. Nikaita xeyes, kiprogramu cha siku nyingi chenye kazi moja tu: macho mawili makubwa yanayofuata mshale wa mausi popote uendako. Nikajibiwa "Error: Can't open display". Yaani programu ipo, ila haijui dirisha lake likafungukie wapi.

Kazi ya kuchora madirisha kwenye kioo inafanywa na mfumo uitwao X. Ulizaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la X11 likatoka 1987. Utamu wake ni kwamba programu inaweza kufanya kazi kwenye mashine moja, dirisha likatokea kwenye nyingine. Wapi litokee, DISPLAY ndiyo inayosema. Ukiingia kwa ssh -X, dirisha linakufuata kwa adabu. Mimi vidole vikaandika export DISPLAY=:0, ambayo maana yake ni kioo cha mashine ile ile niliyoingia. Kilichokuwa mbele ya shangazi.

Nikaita xeyes tena. Kosa halikuja, dirisha nalo halikuja. Nikabonyeza Ctrl+C kuizima, nikarudia.

Huko mbele shangazi alikuwa anachapa kadi ya harusi. Macho yakamtokea juu ya jina la bibi harusi. Akisogeza mausi kulia, yanatazama kulia. Akirudi kushoto, nayo hayo. Akamwita mteja aje aone. Mteja anazunguka meza, mimi huku nabonyeza Ctrl+C: hamna kitu. Mteja anarudi upande wake akimwonea huruma, macho hayo tena.

Mimi uani nikaona labda programu inataka kuachiwa ijiendee yenyewe, nikaongeza alama ya & mwishoni. Halafu mshale wa juu, Enter, mshale wa juu, Enter, kama mtu anayepukuchua mahindi.

Niliposikia ukelele nilidhani mtu kaondoka bila kulipa. Natoka mbele, nakuta kioo kimejaa macho, jozi kwa jozi, yote yamekodolea kona moja ambako mausi iliachwa. Muuza kahawa kaweka birika chini.

"Hili si la kompyuta hili," akasema, na alisema kwa utaalamu.

Bi mkubwa wa nyumba ya jirani kaleta chetezo, ubani unafuka hadi kwenye mashine ya fotokopi, na mzee mmoja ameshaanza Ayatul Kursi. Nikafungua mdomo nieleze. Lakini DISPLAY utaielezaje kwa watu waliokwisha kubaliana? Nikarudi uani taratibu, nikaandika killall xeyes, yaani zizimwe xeyes zote.

Macho yakatoweka yote kwa mpigo. Mbele ikalipuka takbiri. Bi mkubwa, nilivyosimuliwa baadaye, aliitikisa chetezo mara moja zaidi kwa usalama.

Printa, kwa taarifa, haikuwa na tatizo lolote la mipangilio. Ilikuwa imewekwa katriji mpya ambayo utepe wake wa plastiki haujavutwa. Nikauvuta, kadi zikatoka nyeusi na za kupendeza, na bibi harusi jina lake halina wa kulikodolea.

Jioni shangazi akanihesabia hela yangu. Naona pungufu.

"Shangazi, mbona hivi?"

"Nimekata ya ubani. Wewe si ulikuwa umekaa uani muda wote?"