Mjomba, Inua Ulimi

Hadithi ya ugonjwa wa Mjomba mliyoipata kwa binamu yangu ina gari la wagonjwa ndani yake. Hakukuwa na gari la wagonjwa. Kulikuwa na bajaji, na ndani ya bajaji alikuwemo shangazi na sufuria ya pilau. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli. Acheni nisimulie mwenyewe kabla hajaongeza helikopta.

Mnajua niko chuo cha afya, mwaka wa kwanza. Mnajua kwa sababu sijawapumzisha. Muhula huu tunafundishwa maneno ya kidaktari yanavyoungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, behewa kwa behewa. Gastro ni tumbo, hepato ni ini, nefro ni figo. Ukiona itis mkiani, kiungo hicho kimevimba na kinawaka. Ukiona ektomi, kimekatwa kikatolewa. Bibi aliporudi na gastritis nilimweleza tumbo lake kabla hajavua viatu. Jirani alipoandikiwa tonsilektomi nikamwambia anakwenda kutolewa mafindofindo, na akatolewa kweli. Tangu hapo kundi la ukoo la WhatsApp likaacha kuuliza madaktari. Likawa linaniuliza mimi.

Na oma? Oma ni uvimbe. Karsinoma, sarkoma, limfoma, melanoma: saratani tupu. Nilizikariri zote usiku mmoja, na hakuna hata moja ya kuchekesha.

Basi Alhamisi binamu (huyuhuyu wa helikopta) akapita kwa Mjomba, Tanga, asimkute. Akaona cheti cha zahanati juu ya redio, akakipiga picha, akakitupia kundini: "Daktari wetu, tusomee." Mwandiko wenyewe mnaujua. Nikaikuza picha, nikasoma: sublingual haematoma.

Nikarekodi sauti. Laiti chaji ingeisha pale pale. "Ndugu zangu, sub ni chini. Lingua ni ulimi, hicho Kilatini. Haemato ni damu, Kigiriki. Oma..." Hapo nikashusha pumzi, maana habari mbaya hutolewa taratibu. "Oma ni saratani. Mjomba ana saratani ya damu, imeanzia chini ya ulimi."

Sasa kabla hamjanirarua: Mjomba anatafuna tambuu na tumbaku tangu mimi sijazaliwa, na kwamba hivyo viwili huleta saratani ya kinywa sikubuni mimi. Ushahidi ulijipanga wenyewe. Mstari wa pili wa cheti uliandikwa trephination. Hilo nalo nikalifungua: trupanon, keekee ya kutobolea, Kigiriki kilekile kilichowapa jina tripanosoma, vijidudu vya malale. Nikatafuta mtandaoni, picha ya kwanza ni fuvu la mtu lina tundu. Hilo sikuliambia kundi. Nililibeba peke yangu, kishujaa.

Ukoo ukakubaliana mgonjwa asishtuliwe. Mkaza-mjomba, aliyekuwa Muheza kwa binti yake, akarudi Jumapili mchana Mjomba akiwa msikitini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukificha kijaluba cha tambuu. Mjomba aliporudi alikuta viatu vimejaa barazani na watu wanasoma Yasini.

Akasimama mlangoni.

"Amekufa nani?"

Mama akaanza kulia upya. Nikainuka mimi, msomi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Amekufa nani?"

"Keti kwanza, Mjomba."

Akaketi. Nikaikagua kofia yake kwa jicho la pembeni, nikitafuta mahali palipotobolewa. Imekaa sawasawa. Nikajisemea, wamemshona vizuri. Nikawasha tochi ya simu. "Fungua kinywa." Akafungua, maskini, maana ndiye aliyenichangia ada na anaamini haikupotea. "Inua ulimi, Mjomba." Akainua. Ukoo mzima ukainama nyuma yangu, mtu akanikanyaga, pumzi ya shangazi iko shingoni. Na pale chini ya ulimi nikaiona: mishipa ya bluu, minene, huku na huku.

"Mnaiona?" nikasema.

Shangazi akapiga ukelele. Nendeni kwenye kioo sasa hivi, inueni ulimi. Haya. Hiyo ndiyo niliyowaonyesha wazee wangu.

Mjomba akausukuma mkono wangu wenye tochi, na mkono aliousukumia ulikuwa na dole gumba lililofungwa bendeji. Muuguzi mmoja mstaafu, jirani, aliyekuwa kimya karibu na pilau, akauliza, "Na hicho kidole?"

"Nyundo," Mjomba akasema. "Nilikuwa napigilia banda la kuku. Damu ikavilia chini ya ukucha, wakanitoboa ukucha, ikatoka. Karatasi si niliiacha juu ya redio?"

Muuguzi akaomba simu yangu. Akavaa miwani. Hakuwa na haraka hata kidogo. "Sub-un-gual," akasoma, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. "Unguis ni ukucha, mwanangu. Hapa hakuna l na i. Hiyo ni u moja. Na hematoma ni damu iliyovilia, basi. Oma si saratani kila mahali. Trakoma ya macho ni saratani? Glaukoma je?"

Nikamjibu, na sijui nani alikitumia kinywa changu: "Inategemea."

Pilau ililiwa. Dua ikageuzwa ya shukrani. Michango shangazi anasema itarudishwa, ila hakulisema kwa sauti ya mtu anayerudisha. Kundini naitwa Ukucha. Mjomba amenisamehe yote isipokuwa kijaluba, kwa kuwa mkaza-mjomba anasema cheti kilisomwa vibaya lakini tumbaku ni ileile, na haonyeshi alikokificha. Kila jioni Mjomba ananipigia kwa simu yake ya vitufe. Haulizi masomo. Anauliza kama nimeshazungumza na mkewe.