Chupa ya Maji Haiponyi Goti

Sitataja kiwanja wala timu, wenyewe mnajijua. Jumapili, huku Eastlands, Nairobi, msichana wa miaka 16 aligeuka na mpira, mguu ukabaki chini, goti likaenda kwingine. Sisi tuliokuwa kando tukitafuna mahindi tulisikia: ko! Akaja "daktari". Mnamjua huyo daktari: jamaa wa chupa ya maji na dawa ya kupuliza. Akalimwagia goti maji, akalivuta, akalipuliza, akamwambia, "Simama mami, ni woga tu." Mtoto akasimama. Akacheza dakika sita, nilizihesabu. Alipoanguka tena hakuinuka.

Kabla ya giza goti lilikuwa papai. Jumatatu akapelekwa kwa mzee wa kukanda: maji moto, mafuta ya mbuni, mtoto analia, watu wanasema ndiyo dawa inaingia.

Jamani! Goti likilia vile na kuvimba siku hiyo hiyo, mara nyingi kano ya ndani imekatika na damu inajaa kwenye kiungo. Unalikanda ili iweje, damu iongezeke? Siku mbili tatu za kwanza ni barafu iliyofungwa kwa kitambaa, bandeji, mguu juu ya mito, kisha hospitali. Mzee ana kazi yake, kwenye migongo iliyokaza ya watu kama mimi. Kano iliyokatika haiungwi kwa mafuta. Ikihitaji upasuaji, hesabu angalau miezi 9 kabla ya kurudi uwanjani, na hapo ndipo tutafunguliwa kundi la WhatsApp la mchango, M-Pesa mia mia, mweka hazina anabembeleza.

Kinachonichoma ni kwamba kinga yenyewe ni ya bure. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+. Dakika 20 tu: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua bila magoti kuangukiana. Yalijaribiwa Norway kwa wasichana wa rika hili hili, matokeo yakachapishwa 2008, na majeraha kwa jumla yakapungua kwa karibu theluthi. Wasichana ndio hasa wanaokatika kano hiyo ya goti kuliko wavulana. Wetu hushuka matatu, hufunga viatu, hugusa vidole vya miguu mara mbili, firimbi.

Haya, kocha halipwi, na nauli ya watoto hutoka mfukoni mwake. Nakubali, shingo upande. Dakika 20 nazo anauziwa na nani?

Ya moyo hata sijayagusa. Eriksen, mchezaji wa Denmark, alianguka uwanjani Copenhagen mwaka 2021, akapona kwa sababu waliomkimbilia walijua kubonyeza kifua na walikuwa na mashine ya kuushtua moyo. Kwetu angemwagiwa maji.

Jumapili hii nakuja na ndoo ya barafu. Kocha akinifukuza nitakaa na mama wa mahindi, ila yule wa chupa asinisogelee.