Homa ya juma la mwisho la mimba

Mjamzito yeyote wa Lamu anayefika kujifungua aulizwe: umepata homa juma hili, na ilianza tarehe gani? Jibu liandikwe kwenye kitabu cha kliniki. Kwangu swali hilo lina uzito sawa na kupima presha.

Sababu ni chikungunya, homa ya kirusi kinachoenezwa na mbu. Oktoba 2004, uchunguzi wa damu kisiwani Lamu ulikuta alama za maambukizi kwa watu 215 kati ya 288. Mwaka uliofuata ugonjwa ukafika Komoro na Réunion, na huko Réunion ndiko madaktari walikofuatilia wajawazito kwa makini. Walioambukizwa mapema, wengi wao watoto walisalimika. Hatari ni kujifungua kirusi kingali kwenye damu ya mama: katika uzazi 39 wa namna hiyo, watoto 19 waliambukizwa. Upasuaji haukuwakinga.

Watoto hao walizaliwa wazima kabisa. Ugonjwa ulijitokeza siku ya tatu hadi ya saba, na 10 waliugua vibaya, karibu wote ubongo ukiwa umeathirika. Siku hizo kwetu mama amesharuhusiwa, yuko ndani ya arobaini, na mtoto anayekataa titi au kulia akiguswa huambiwa amepata jicho. Jamani, mtoto huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hasa akiwa na homa, vipele au viungo vilivyovimba. Mzazi aliyekuwa na homa asirudi kisiwani Pate upesi. Mkondo wa Mkanda, njia ya mashua kati ya Lamu na Pate, haungoji mgonjwa, hupitika maji yakijaa. Akae kwa jamaa hapa mjini Lamu, mtaa wa Langoni au Mkomani, siku saba, akinyonyesha kama kawaida.

Neti ya kliniki tunaishusha usiku, kwa ajili ya malaria. Mbu wa chikungunya, yule mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya magharibi. Basi mzazi na mtoto wakilala mchana, neti ishushwe.

Kisha birika la chooni, lile hodhi la kuwekea maji, ambamo mbu huyu huzaliana. Watafiti waliuhusisha mlipuko wa 2004 na ukame: maji yaliwekwa nyumbani muda mrefu bila kubadilishwa. Mbu huyu hubandika mayai ukutani, juu kidogo ya maji, na mayai huvumilia ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji bila kusugua ukuta, ukijaza tena yanaanguliwa. Sugua kwa brashi kila juma, maana yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi hivi, na mapipa na mitungi vifunikwe. Samaki wadogo waliofugwa birikani kula viluwiluwi wanastahili kurudishwa.

Mjamzito mwenye homa apimwe malaria kwanza. Maumivu yatulizwe kwa paracetamol: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Brufen na diclofenac, ambazo duka la dawa huzitoa haraka kwa maumivu ya viungo, asipewe. Mwishoni mwa mimba zinaweza kuziba kabla ya wakati mshipa wa moyo wa mtoto, na homa ikiwa ni dengi, ugonjwa mwingine wa mbu huyo huyo, huzidisha hatari ya kutoka damu.