Gauni ni la 1813, Kamera ni ya Leo

Tamthilia za kihistoria zina utetezi ambao tamthilia nyingine za televisheni hazina. Ukilalamika kwamba mwanamke amepigwa picha kana kwamba yupo kwa ajili ya kutazamwa tu, utajibiwa kuwa zama zile ndivyo zilivyokuwa: hakuwa na kura, mali yake ilikuwa ya mumewe, na mwongozaji anaonyesha yaliyokuwepo. Jibu hilo lina uzito kuliko wakosoaji wengi wanavyotaka kukiri. Lakini lina tundu. Gauni la 1813 linaweza kushonwa upya kwa kufuata lile lililo makumbusho, na taa zikabadilishwa kwa mishumaa. Lenzi haina zama hizo. Hakuna jicho la wakati ule lililoweza kumkata mtu vipande, shingo peke yake, kisha kifundo cha mguu, kisha kiganja kikijaza kioo kizima. Huo ni uamuzi wa mtu wa leo, na wa leo ndiye wa kuulizwa.

Shtaka lenyewe ni la zamani. Mwaka 1975 Laura Mulvey, mwananadharia wa Uingereza, alichapisha makala iliyodai kwamba sinema ya Hollywood humgawia mwanamume kazi ya kutazama na mwanamke kazi ya kutazamwa, na kwamba kamera humketisha mtazamaji upande wa mwanamume bila kumuomba ruhusa. Hoja hiyo imetumika kupima karibu kila kitu tangu hapo, mara nyingine kwa uvivu. Mtu akiona bega wazi, kesi imekwisha.

Chukua Mad Men, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2007, kuhusu kampuni ya matangazo ya New York katika miaka ya 1960. Katika msimu wa kwanza, makatibu muhtasi wanaingizwa chumbani kujaribu lipstiki huku wanaume wakiwatazama kutoka nyuma ya kioo cha upande mmoja. Joan, msimamizi wao, anajua fika kuna macho ng'ambo. Anainama makusudi mbele ya kioo, na kamera inaupokea mwaliko. Anayeshutumu atasema mtazamaji ameketishwa kwenye viti vya wale wanaume, akapewa burudani ileile, kisha akaruhusiwa kujiona mwema kwa kuwa hiyo ni historia. Anayetetea atasema kamera imetuonyesha pia nyuso za watazamaji, na mwanamume anayetazamwa wakati anakodoa macho huishiwa heshima haraka sana.

Naegemea utetezi, kwa sababu ya Peggy, mmoja wa makatibu muhtasi hao. Wengine wanapojipaka, yeye amekaa anawaangalia wenzake, na kamera inampa muda wa kuangalia. Neno moja analolisema baadaye kuhusu pipa lililojaa karatasi zenye alama za midomo ndilo linalomfungulia mlango wa kuandika matangazo. Jicho lake linazaa kazi. Macho ya wakubwa nyuma ya kioo hayazai kitu.

Ila utetezi huo si wa kuazimwa na kila mtu. Kwenye Mad Men tunajua macho ni ya nani: yana wenyewe, ndani ya hadithi, na wanaweza kuhukumiwa. Linganisha na ile picha ambayo tamthilia za kihistoria hazichoki nayo, ya mwanamke akikazwa mgongoni kamba za koseti, vazi la kubana kiuno. Wanasema inaonyesha alivyobanwa na jamii, na pengine ndivyo. Lakini mwanamume hayumo chumbani, mjakazi anaangalia kamba, na bado kamera inatambaa kifuani. Basi anayetazama ni nani? Kama hakuna mhusika mwenye mtazamo ule, mwenyewe ni mtayarishaji, na historia haiwezi kumbebea lawama.

Kuna pingamizi lingine ninaloliheshimu zaidi. Mulvey aliandika kuhusu filamu, kitu cha saa mbili hivi katika ukumbi wenye giza. Tamthilia ya televisheni ni saa kwa makumi, waongozaji wanapokezana kipindi kwa kipindi, na mtu anaitazama nyumbani huku akibishana na walioketi naye. Joan yuleyule tulikaa naye misimu 7. Fremu moja ya msimu wa kwanza haiwezi kumaliza kesi yake.

Wapo wanaodhani dawa ni kugeuza kamera. Mfano wao mkuu ni Pride and Prejudice ya BBC ya mwaka 1995, ambamo Darcy, mwanamume anayempenda shujaa wa hadithi, Elizabeth, na aliyeigizwa na Colin Firth, anajitosa bwawani na kutoka akiwa na shati lililolowa. Riwaya ya Jane Austen haina tukio hilo. Mwili wa mwanamume ukawa tamasha, na wengi wakashangilia kuwa hatimaye mtazamo ni wa mwanamke. Nina shaka. Kamera ileile inampa Darcy dirisha: anatoka kuoga, anasimama kumtazama Elizabeth akicheza na mbwa uwanjani. Katika riwaya tunakaa karibu muda wote na akili ya Elizabeth, na Darcy ni fumbo lake. Kwenye tamthilia Darcy ametazamwa, ndiyo, lakini amepata pia upweke wake, hamu yake, na sehemu ya hadithi iliyokuwa ya Elizabeth. Tumelipwa shati tukatoa riwaya.

Tamthilia ya Wolf Hall ya 2015 ilifanya kinyume na mitindo hiyo: kamera ya mkononi inamfuata kwa karibu Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, na Anne Boleyn, mke wa mfalme huyo, tunamwona kadiri macho ya Cromwell yanavyomfikia. Anapungukiwa, ila angalau mtazamo una mwenyewe.

Kwangu lililokwenda mbali zaidi ni jaribio la mwandishi Sally Wainwright katika tamthilia ya Gentleman Jack, 2019. Anne Lister wa Halifax, Uingereza, mtu halisi aliyeandika sehemu za shajara zake kwa maandishi ya siri, anatembea kwa kasi hadi kamera inalazimika kumkimbilia; kisha anageuka na kuitazama lenzi usoni. Kinachopigwa picha ni mwendo wake, na anayetazamwa anajibu.

Hata hivyo Lister alikuwa mwenye ardhi, mkusanya kodi za wapangaji. Mtumishi wa kike katika tamthilia nyingi za aina hii hutumika kama usafiri: kamera inaingia ukumbini nyuma ya sinia lake, ikishawapata wenye nyumba inamwacha njiani. Wahakiki wa jinsia, mimi nikiwemo, tumejadili mno miili ya mabibi. Huyu wa sinia swali la macho ni ya nani halimfikii, kwa kuwa hakuna anayemtazama, si kwa tamaa wala kwa heshima.