Ivueni hiyo Polaraiza

Jana dukani nimemkuta kijana ananunua lenzi yake ya kwanza pana ya kamera, milimita 16, ile ya kumeza mandhari yote, na muuzaji anamsukumizia polaraiza, ile filta ya kuzungusha mbele ya lenzi inayokata mng'aro na kukoleza anga, ya kipenyo cha milimita 82, bei yake kama kodi yangu ya mwezi. "Mpiga mandhari bila hii ni mpishi bila chumvi," anamwambia. Nikanyamaza, maana anayelipa si mimi. Nafsi imenisuta usiku kucha.

Na mimi niliuziwa chumvi hiyohiyo. Nikaenda nayo Amboseli, mwezi Machi, saa mbili asubuhi, Kilimanjaro umejianika mzima kabla mawingu hayajaufunika. Nikazungusha filta hadi anga ikawa wino, nikapiga picha mia na ushee. Niliporudi nikamwonyesha shangazi. Akaivuta simu karibu na miwani: "Hapa juu ya mlima ndo mvua ilikuwa inakuja?"

Mvua ipi, shangazi! Lilikuwa doa. Bonge la doa jeusi katikati ya anga, kushoto na kulia kumepauka kama kanga iliyochuja.

Amboseli mlima uko kusini kwako. Asubuhi jua liko mashariki. Na polaraiza huikoleza anga zaidi pale palipo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, yaani siku ile juu ya kilele chenyewe. Jaribu: kidole cha shahada kielekeze kwenye jua, gumba lisimame, kisha zungusha kiganja. Gumba linakopita ndiko anga inakoiva. Ukiwa na lenzi ya milimita 200 unachukua kipande kidogo, kimeiva chote, unajiona fundi. Milimita 16 kwenye sensa kubwa (kipokea mwanga cha kamera, saizi ya filamu ya milimita 35) inaona karibu nyuzi 97 kwa upana, kwa hiyo inabeba palipoiva na pabichi pamoja. Ukizungusha filta unapunguza makali ya doa tu, kuhama halihami.

(Saa sita, jua la utosi, ukanda huo wa anga iliyoiva hulala chini, upeo wote wa macho, na ubaya haujitokezi sana. Lakini saa sita Kilimanjaro utauona wapi?)

"Utarekebisha kwenye kompyuta." Asante. Nimelainisha doa lile mpaka adhana ya alfajiri, anga ikajaa chenga na theluji ikawa rangi ya maziwa ya unga.

Haya, mnyonge mnyongeni. Kwenye maji mafupi ya Jambiani kule Zanzibar, au majani yaliyolowa pale maporomoko ya Materuni karibu na Moshi, filta hii inakata mng'aro na kijani kinatoka chenyewe. Hapo hata mimi naifunga, anga nikiiacha nje ya fremu, na kulipia stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu ni nusu ya mwanga kupotea). Lakini huyo kijana hakuambiwa habari za majani. Aliambiwa anga.

Picha ya Amboseli iliyoko ukutani kwangu ni moja tu. Niliipiga filta ikiwa mkononi, naifuta vumbi kwa ncha ya shati.