Mzee, Umejaribu Kuzima na Kuwasha?

Leo asubuhi kile kisanduku cha faiba, ile intaneti inayokuja kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo, kimewasha taa nyekundu tena. Taa za barabarani nazo huwa nyekundu, lakini zile zina utu, ukizisubiri zinabadilika. Hii yangu inapepesa tu kama jicho la mtu aliyekesha. Chini yake pameandikwa LOS, yaani mwanga haufiki. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Sauti iliyorekodiwa ikanihakikishia kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao, mara kumi na moja, nilihesabu. Kisha akapokea binadamu na kuniuliza lile swali.

"Mzee, umejaribu kuzima na kuwasha?"

Mwanangu, mimi nimeanza kuzima na kuwasha tangu enzi za modemu ya kupiga simu. Hilo swali limenikuta kijana likanizeesha.

Wa rika langu mnaikumbuka ile modemu. Kilobiti 56 kwa sekunde, lakini hizo zilikuwa za kwenye boksi. Kwenye waya wenyewe sikuwahi kukutana nazo. Ilianza kwa kulia kama paka wawili wanaogombea paa, ikinyamaza ndipo unajua umeunganishwa. Picha moja ilikuwa inashuka polepole kama pazia. Unaona nywele, unakwenda kuoga, unarudi unakuta paji la uso. Halafu mtu wa chumba cha pili anainua simu, "Haloo?", na picha inakatikia kwenye nyusi. Kuna watu mpaka leo nawafahamu kwa nyusi tu. Basi tundu la kwanza ukutani kwangu lilitobolewa kwa heshima ya waya ule.

La pili ni la ADSL, intaneti ya kasi kwenye waya wa simu. Hapo tulijiona tumestaarabika, maana sauti inapita kwenye masafa ya chini na data inapita juu yake, waya ule ule, mnaongea na neti inaendelea. Sharti lilikuwa kila simu ivalishwe kichujio, kile kidude cheupe. Ukisahau kimoja, anayekupigia anasikika kama anakaangwa. Walituahidi "hadi" megabiti 8. Neno "hadi" lilinila hela zangu miaka mingi. Waya wa shaba ukiwa mrefu kutoka kituo cha simu, kasi inapungua, na mimi sijui nimelaaniwa na nani, siku zote nyumba yangu ndiyo huwa mwisho wa waya. Na hizo megabiti zenyewe lazima ugawe kwa nane ndipo upate megabaiti. Hilo nalo nililijua baada ya kusaini.

Tundu la tatu lilikuwa la kebo. Tuliachana vibaya, sitaki kulizungumzia.

Turudi kwa huyu wa leo. Nikaambiwa fundi atakuja "kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni". Huo si muda wa miadi, huo ni mfungo. Nikakaa sebuleni na nguo zangu za heshima. Chooni nilikwenda mlango wazi, nisije nikakosa kengele. Saa tisa na nusu nikasema huyu haji tena, ngoja nioge. Nikajipaka povu kichwa kizima. Ngo, ngo, ngo.

Mtu mzima wa kuamkiwa, nimefungua mlango kwa taulo, jicho moja limefumba kwa sabuni. Kijana hata hakushtuka. Akakitazama kisanduku kimya kama daktari anayesoma majibu mabaya, akatikisa kichwa.

"Nani aliweka hiki?"

"Ninyi."

"Aa, huyo hakuwa fundi."

Sijawahi kumwona fundi anayemsifu fundi aliyemtangulia. Akatoa kipimo cha nguvu ya mwanga, akachomeka. "Inasoma hasi 34."

"Hasi? Nadaiwa?"

"Hapana mzee. Ikiwa hasi 20 ni safi kabisa. Hasi 27 tunaivumilia."

Kwa hiyo hasi ni nzuri, ila hasi ikizidi ni mbaya. Nikamwelewa vizuri sana, ndivyo nilivyo benki. Akachomoa ule uzi na mimi nikainama kuchungulia nione huo mwanga tunaoulipia kila mwezi.

"Mzee usichungulie! Unaumiza jicho, na hata ungekuwepo usingeuona."

Kumbe mwanga unaokuja nyumbani ni wa nanomita 1490, na jicho la binadamu linaishia mia saba na kitu. Yaani nimenunua mwanga usioonekana, ukikatika siwezi kujua, ukiwepo siruhusiwi kuutazama. Na jicho lenyewe nililobaki nalo lilikuwa moja.

Msako ukaanza. Kijana akaufuata uzi kutoka tunduni, tundu la nne hilo, ukapita nyuma ya kochi, ukafika kwenye kabati. Akasimama. Mama watoto akaanza kutazama dari. Wiki iliyopita alilisukuma kabati hadi ukutani kwa sababu uzi "unaharibu sebule". Nyuma ya kabati uzi umekunjwa kama kona ya bahasha. Mwanga, kijana akaeleza, ukikunjwa mno unatoroka nje ya njia, na hapa kioo chenyewe kimeshapasuka. Ule waya wa shaba mimi niliufunga fundo, nikaubana mlangoni, panya akauonja, na haukuwahi kununa!

Tukalivuta kabati hadi katikati, mimi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika taulo. Kijana akakaa chini, akamenya uzi, akaufuta kwa spiriti, akaukata kwa kidude chake, *tiki*. Kioo chenyewe unene wake ni mikromita 125, na njia ya mwanga iliyo katikati ni mikromita 9 tu. Akavilaza vipande viwili ndani ya kimashine, na kwenye skrini ya mashine vikatokea vikubwa kama mabomba ya maji, vinasogeleana kwa aibu, kimoja kinapanda kidogo, kingine kinashuka. Nyumba nzima tumebana pumzi. Cheche! Vimeshikana.

"Imekubali," akasema. "Ila kile kipande nilichokata kimedondoka. Msitembee peku, kinaingia kwenye ngozi na hukioni."

Familia nzima ikapanda juu ya makochi. Mimi nilikuwa peku, nimelowa, mbali na kochi lolote.

"Sasa mzee, zima uwashe."

Nimezima. Nimewasha. Taa imekuwa kijani, watoto wakashangilia kutoka kochini, wakaondoka na simu zao bila kunitazama. Kijana akaniomba nikiletewa ujumbe nimpe nyota tano. Nimempa, maana ameniona nilivyo na anajua ninapoishi.

Sasa waifai haifiki chumbani. Ile ya gigahezi 5 ina mbio lakini ukuta mmoja unaichosha, ile ya 2.4 inavumilia kuta lakini mtu akiwasha maikrowevu inazimia. Nimekumbuka nina ruta ya zamani niliyosema nitaifanya kirudishi, cha kuisukuma waifai ifike mbali, nimeshusha lile katoni la adapta. Kila aliyeniwekea kitu aliacha adapta, hakuna aliyechukua ya mwenzake. Zipo kumi na nne, za volti 9, za volti 12, moja haijaandikwa chochote lakini ni nzito, naiogopa. Mtoto wangu wa mwisho kaitoa ile modemu ya kwanza, kaigeuzageuza, kaniuliza nenosiri lake ni nini.

Kabati bado lipo katikati ya sebule. Mama watoto anasema alivute aliyelalamika. Tunapita ubavu ubavu, wote tumevaa viatu, na mimi kichwani povu limeshakauka.