Anza na orodha ya viwanda, ukurasa wa uendelevu uje mwisho

Karibu kila kampuni kubwa ya nguo leo ina ukurasa wa uendelevu wenye picha za majani mabichi na shamba la pamba machweo. Maoni yangu: huo uwe wa mwisho kusoma. Cha kwanza ni orodha ya viwanda, kwa sababu ahadi isiyo na anwani ya kiwanda haina mahali pa kukaguliwa.

Nitaitumia H&M kama mfano. Lebo zake zimejaa kwenye marobota ya mitumba pale Karume na Gikomba, na kusema kweli imejiweka wazi kuliko wenzake wengi, hivyo kuna cha kukagua. Ilianza kuchapisha orodha ya viwanda mwaka 2013, na tangu 2019 nguo nyingi kwenye tovuti yake zinaonyesha mpaka jina la kiwanda kilichozishona.

Ukishaipata orodha ya kampuni yoyote, tazama kama ina mambo manne: jina kamili la kiwanda, anwani ya mtaa, makadirio ya idadi ya wafanyakazi, na kazi inayofanyika pale. Hilo la mwisho ndilo wengi wanaliruka. Nchi iliyoandikwa kwenye lebo ni pale nguo iliposhonwa tu. Nyuma ya cherehani kuna kiwanda cha kufuma na kutia rangi, nyuma yake kinu cha kusokota uzi, halafu shamba. Orodha inayoishia kwa washonaji inaacha nje sehemu inayochoma makaa mengi na kumwaga maji machafu mengi. Kisha chukua majina matatu au manne, yatafute kwenye Open Supply Hub, hifadhidata ya viwanda mtandaoni, ambayo ni bure. Itakuonyesha kiwanda kilipo kwenye ramani na kampuni nyingine zilizokitaja.

Hapa ndipo watu wanapokwama. Anwani inaweza kuwa ya ofisi ya wakala kwenye ghorofa la mjini, si ya kiwanda. Orodha inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita. Au imechapishwa kwa jina la kampuni mama, wewe unatafuta jina lililo kwenye lebo. Na kiwanda kinaweza kuwa halali kabisa huku kazi yenyewe imegawiwa kwa karakana ya uchochoroni. Hayo ndiyo yaliyoibuka Leicester, Uingereza, mwaka 2020: magazeti yaliripoti kwamba wafanyakazi walioshona nguo za Boohoo, kampuni inayouza nguo mtandaoni, walikuwa wakilipwa pauni 3.50 kwa saa, wakati kima cha chini cha sheria kwa mtu mzima kilikuwa pauni 8.72. Orodha ya viwanda vya Boohoo ilichapishwa mwaka uliofuata, baada ya kashfa.

Sasa vyeti. Hapa nina ukali kidogo. Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa, madirisha yakiwa na nondo na milango ya kutokea imefungwa. Wiki chache tu kabla ya hapo kiwanda hicho kilikuwa kimepewa SA8000, cheti kinachohusu haki na usalama wa wafanyakazi. Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza nje kidogo ya Dhaka liliporomoka na kuua watu 1,134. Baadhi ya viwanda vilivyokuwamo vilikuwa vimeshakaguliwa, ila ukaguzi ule haukugusa uimara wa jengo. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa chini ilifunga, washonaji wakaamriwa warudi kazini.

Sababu haina fumbo. Mara nyingi mkaguzi analipwa na kiwanda chenyewe, anakaa siku moja au mbili, ujio wake unajulikana mapema, na mfanyakazi anahojiwa ndani ya uzio wa mwajiri wake. Wakati mwingine vitabu vya ovataimu vinakuwepo viwili, kimoja cha mkaguzi.

Kwa hiyo badala ya kuhesabu vyeti, uliza kama kampuni imesaini mkataba unaoweza kuibana kisheria. Mfano bora ni Accord, makubaliano kati ya kampuni na vyama vya wafanyakazi yaliyozaliwa Bangladesh mwaka 2013 baada ya Rana Plaza, na sasa yamefika Pakistani. H&M ni miongoni mwa waliosaini mapema. Yana meno: mwaka 2018 kampuni moja ilikubali kutoa dola milioni 2.3, nyingi zake za marekebisho ya viwanda, baada ya vyama kuifikisha kwenye usuluhishi. Majina ya waliosaini yako wazi, kuyaangalia ni kazi ya dakika mbili.

Kwenye mshahara H&M haipati alama za juu. Mwaka 2013 iliahidi kwamba kufikia 2018 wasambazaji wake wakuu wangekuwa na mifumo ya kulipa ujira unaotosha kuishi, ahadi ya kuwagusa wafanyakazi wapatao 850,000. Muda ulipofika, ikaripoti idadi ya viwanda vilivyoweka mifumo ya kusimamia mishahara. Mfumo hauliwi. Swali ni shilingi ngapi, au kwa Bangladesh taka (sarafu ya huko) ngapi: kima cha chini cha sekta ya nguo huko tangu Desemba 2023 ni taka 12,500 kwa mwezi, wakati vyama vilikuwa vikidai 23,000. Kampuni isiyotaja kiasi kinacholipwa, nchi kwa nchi, haijajibu. Ila haki itendeke: Machi 2020, kampuni nyingi zilipofuta oda ambazo vitambaa vyake vilishakatwa, H&M ilikuwa ya mwanzo kutangaza kwamba ingezilipia.

Mazingira nayo yana ujanja wake. Ripoti ikisema gesijoto zimepungua, tafuta Skopu 3, yaani zinazotoka nje ya kampuni yenyewe, hasa kwa wasambazaji, ambako ndiko uchafuzi karibu wote ulipo. Kupunguza umeme wa maduka ni kufagia kibarazani. Halafu angalia kama upungufu ni wa jumla au wa kila nguo, maana nguo moja inaweza kuchafua kidogo huku zinazoshonwa zikiongezeka. Lengo la H&M ni la jumla, asilimia 56 kufikia 2030 kutoka kiwango cha 2019; hilo linapimika.

Pamba inatuhusu moja kwa moja. Cotton made in Africa, mpango wa kuthibitisha pamba ya Afrika, unahusisha wakulima wa Tanzania, lakini katika utaratibu wake mmoja kinu cha uzi kinaruhusiwa kuichanganya na pamba nyingine mradi hesabu za tani zikae sawa. Mkulima ananufaika, ila fulana yenye nembo hiyo huenda haina hata uzi mmoja wa pamba yake. Kwa pamba hai, yaani iliyolimwa bila kemikali za viwandani, cheti cha GOTS kinafuatilia nyuzi zenyewe, na lebo yake lazima iwe na namba ya leseni unayoweza kuitafuta. Cheti cha OEKO-TEX Standard 100 kinapima kemikali zilizobaki kwenye nguo na hakisemi lolote kuhusu aliyeishona. Na poliesta iliyorejelezwa karibu yote inatokana na chupa za plastiki, si nguo kuukuu, kwa hiyo mtumba uliochoka wa Gikomba haumo kwenye hesabu hiyo.

Maneno kama rafiki wa mazingira yapite bila kukupa alama yoyote. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya Uholanzi iliibana H&M kwa madai yasiyo na maelezo; kampuni ikaahidi kuyarekebisha au kuyaacha, na kutoa mchango wa euro 500,000.

Ukikwama kabisa, andika barua. Sheria ya uwazi ya Norway, iliyoanza Julai 2022, inampa mtu yeyote haki ya kuuliza kwa maandishi jinsi kampuni kubwa inavyoshughulikia haki za binadamu na mazingira ya kazi kwa wasambazaji wake. Inazibana pia kampuni kubwa za nje zinazouza na kulipa kodi huko, na jibu linatakiwa ndani ya wiki tatu. Taja nguo moja, kiwanda kimoja, na uulize mshahara wa chini unaolipwa pale, kama kuna chama cha wafanyakazi, na oda hulipwa baada ya siku ngapi. Jibu likiwa ni kiungo cha kurudi kwenye ukurasa wa uendelevu, weka sifuri uendelee na kampuni nyingine.